Hataza ya Kikasha Kisichomfaa Mtu

Nchi ninayoisimulia haipo popote. Kama ipo, si hii yetu. Na kama ni hii yetu, basi mambo haya yalitokea zamani sana, chini ya viongozi wengine kabisa, ambao wote wamekwisha kustaafu kwa heshima. Nasema haya mapema ili msomaji asome kwa raha, bila kugeukageuka kutazama nani amekaa nyuma yake.

Nchi ile ilikuwa na mvua ya kutosha, mihogo ya kutosha na wimbo wa taifa wenye beti tisa. Kilichopungua kilikuwa uvumbuzi. Mkuu wa Nchi aligundua upungufu huo alipohudhuria mkutano ng'ambo, ambako kila kiongozi aliulizwa nchi yake ina hataza ngapi, yaani vile vyeti ambavyo serikali humpa mtu kuthibitisha kwamba kitu fulani amekibuni yeye na ni chake. Alipofikiwa yeye, alijibu kwamba nchi yake ina amani. Wenzake wakacheka. Aliporudi alishuka kwenye ndege amenuna, na kabla hajamaliza kukagua gwaride aliamuru kwamba mwaka usiishe taifa halijapata hataza elfu arobaini.

Amri ni amri. Kwa kuwa wavumbuzi walikuwa haba, viongozi walijitolea. Waziri wa Tiba akapata hataza ya Namna ya Kuweka Kiganja kwenye Paji la Uso la Mtoto ili Kujua kama Ana Homa, na tangu siku hiyo mama aliyetaka kumgusa mwanawe alipaswa kuandika barua ya kuomba ruhusa, nakala kwa mganga mkuu wa wilaya. Upande wa vifungashio, jenerali mmoja mstaafu alijipatia hataza ya Fundo. Wauza mkaa wakawa wanabeba magunia yaliyoachama, mkaa ukimwagika njia nzima. Upande wa elektroniki, Naibu Waziri alisajili Kuipiga Redio Kofi ili Iseme. Hataza hiyo ilimkalisha chini fundi Mwinjaka wa sokoni Kilimamoto, ambaye alikuwa amelisha familia kwa kofi hilo miaka ishirini na minne. Sasa alishinda kibandani akizibembeleza redio za watu kwa maneno matamu.

Bi Siwatu, mkunga wa zahanati ya Kilimamoto, aliyacheka mambo haya kama walivyoyacheka wengine, yaani akiwa ndani na mlango umefungwa. Aliendelea kucheka mpaka waraka ulipofika zahanati. Waraka ulisema kwamba kifaa chochote kinachotumika katika jengo la umma bila hataza ni haramu, na kwamba ifikapo mwisho wa mwezi wa sita wakaguzi watapita kuviteketeza vyote hadharani, wananchi wakishangilia.

Siwatu aliusoma mara mbili. Kisha akageuka akakitazama kikasha kilichokuwa juu ya meza ya dawa, na kicheko chote kikamtoka.

*

Kilimamoto haikupewa jina hilo kwa mzaha. Ni mahali ambapo mshumaa hupinda kabla ya kuwashwa. Na ile sindano ambayo mkunga humdunga mzazi ili damu ikome haipendi joto. Ikikaa kwenye joto siku kadhaa hugeuka maji matupu, ila haibadiliki rangi wala harufu, kwa hiyo aishikaye hana njia ya kujua. Zahanati iliwahi kuwa na friji. Ilizimika siku ya uzinduzi wake, utepe ukiwa bado unakatwa, na mgeni rasmi akapiga makofi akidhani kimya kile ni ubora.

Basi kwa miaka mingi Siwatu alikuwa akiwadunga wanawake maji akiamini ni dawa. Wanane walimfia mikononi. Aliwajua kwa majina, na alijua nani aliacha watoto wangapi, na kulikuwa na njia mbili za kwenda sokoni alizoziepuka ili asipite kwenye nyumba zao.

Mwishowe, alipotambua kwamba ni joto lililoiua dawa, alimfuata fundi Mwinjaka kibandani. Wakahangaika miezi saba. Walichukua chungu kidogo, wakakivika gunia bichi, wakakitumbukiza katika sanduku lililotandikwa pakiti za maziwa, zile zenye upande wa ndani unaong'aa. Kutoka kwenye simu iliyokufa Mwinjaka akachomoa kidude kinachohisi joto, akakiunganisha na taa mbili. Taa ya kijani ikiwaka, dawa ni hai. Nyekundu ikiwaka, dawa imekufa, itupe uagize nyingine. Kikasha kilikuwa kibaya kwa sura, na siku za mvua kilinuka maziwa yaliyochacha, lakini kilisema kweli, jambo ambalo katika majengo ya umma ya nchi ile lilikuwa geni. Tangu kiwepo, wanawake kumi na mmoja walitokwa na damu vibaya, wakadungwa, damu ikakoma, wakarudi makwao kwa miguu yao.

Wa kumi na moja alikuwa Mwanaheri binti Shomvi, msuka mikeka, mwanamke mcheshi aliyepata fahamu mwaka uliotangulia akauliza kama mkeka uliolowa damu ni wa zahanati au ni wake. Mwaka huu alikuwa na mimba ya miezi minne. Aliyevuja damu uzazi mmoja ni rahisi kuvuja tena uzazi unaofuata, na Siwatu hakuhitaji kuambiwa na mtu. Kikasha kikichomwa moto, Mwanaheri atazaa kwa kubahatisha.

Akakifunga kikasha kwenye kanga, bila fundo, akapanda basi kwenda makao makuu.

*

Ofisi ya Hataza ilikuwa jengo la ghorofa tatu: chini Tiba, katikati Elektroniki, juu Vifungashio. Kila uvumbuzi ulipaswa kuwa na ghorofa yake. Siwatu alianza chini.

"Mama, hii inawaka," alisema karani wa Tiba. "Tiba haiwaki. Panda juu."

"Hili ni sanduku," akasema wa Elektroniki. "Panda juu."

"Ndani mna sindano," akasema wa Vifungashio. "Sisi tunafunga tu, hatudungi watu. Shuka chini."

Alipanda na kushuka siku tatu, kikasha kichwani, mpaka walinzi wakaanza kumsalimia kwa jina. Siku ya nne alihurumiwa na mzee mmoja mpole aitwaye Bwana Lutengano, karani mkongwe kuliko wote, aliyemkaribisha kwenye kiti, akamwagizia chai, na kuisoma fomu yake neno kwa neno. Alipofika ukurasa wa pili akavua miwani.

"Mama, hapa umeandika kwamba kifaa kimewafaa wanawake kumi na mmoja. Kwa nini uliandika hivyo?"

"Kwa sababu ni kweli. Nilidhani mtafurahi."

"Tumefurahi. Kama binadamu tumefurahi sana. Kama ofisi tumesikitika." Akafungua kitabu cha sheria, akaweka kidole. "Kifungu cha tisa. Hataza hutolewa kwa kitu kipya tu. Na kitu kipya ni kile ambacho hakijawahi kumfaa mtu yeyote. Kikishamfaa mtu mmoja, upya wake umetoka. Chako kimewafaa kumi na mmoja, mama. Hiki ni chakavu."

Siwatu alikunywa chai kidogo ili asiseme alilotaka kusema. "Na fundo la Jenerali, Bwana Lutengano? Hakuna aliyewahi kufaidika na fundo?"

"Mheshimiwa Jenerali aliapa kwamba hajawahi kuona fundo maishani mwake. Na viatu vyake, mama, nilivitazama mwenyewe, havina kamba."

Kisha mzee akainama, akatoa kwenye mtoto wa meza fomu ya rangi ya waridi, akaifuta vumbi kwa kiganja. Ilikuwa Hati ya Kuurejesha Upya.

"Njia ipo. Kama wale kumi na mmoja walifariki siku ileile waliyodungwa, basi kifaa hakikumfaa mtu, upya uko palepale. Kila marehemu atie dole gumba hapa chini, mbele ya mwenyekiti wa mtaa."

"Lakini wako hai, baba yangu."

"Ndiyo bahati yenyewe. Wangekuwa wamekufa kweli, hilo dole gumba tungelipata wapi?"

Alisema hayo bila kebehi hata chembe. Alikuwa mtu mwema, aliyetaka kumsaidia mwanamke aliyetoka mbali. Siwatu akazihesabu fomu kumi na moja na kuzipokea.

*

Alipita nyumba kwa nyumba. Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Kauthari, muuza vitumbua, aliuliza kama marehemu anaruhusiwa kuendelea kukaanga. Mwingine aliomba afe Ijumaa, kwa baraka zaidi. Wote walitia dole gumba, maana walikuwa na deni la uhai kwa Siwatu, na kama angewaambia waruke kisimani wangeuliza tu ni kisima kipi.

Mwanaheri peke yake ndiye aliyeishika fomu muda mrefu. Hakujua kusoma, lakini aliitazama kana kwamba anajua.

"Shangazi, nikishakufa, nitazalia wapi?"

"Utazalia kwangu, palepale. Hii ni karatasi tu, mwanangu."

"Haya," akasema Mwanaheri, akachovya dole kwenye wino. "Ni wewe uliyenizuia nisife. Ukisema sasa nife, nakufa."

Siwatu alicheka, na ule mzaha aliurudia kwa mwenyekiti wa mtaa, aliyegonga mhuri kumi na moja na kutoa pole kumi na moja.

Ombi lilipokewa, na kifaa chenye ombi hakichomwi. Kikasha kilibaki ofisini kama kielelezo. Huku nyuma mambo ya mauti yakaanza kuwafuata wanawake makwao. Tawi la chama lilipeleka ubani kwa mume wa Kauthari, naye akaupokea kwa majonzi yaliyomshangaza mkewe, na wiki haijaisha akaanza kuulizia habari za mdogo wa jirani. Watatu walifutwa kwenye orodha ya mbolea. Mmoja alinyang'anywa shamba na shemeji zake, wakigawana huku yeye amesimama hapo akiwaonyesha mipaka. Kwenye daftari la wapiga kura tu ndiko majina yao yalibaki salama, kwa kuwa daftari lile halikuwa na mazoea ya kuwasumbua marehemu.

Mimba ya Mwanaheri ilipofika miezi saba, miguu ikamvimba. Siwatu akaona asicheze na maisha ya mtu, akaandika barua ya kumpeleka hospitali ya wilaya, ambako kulikuwa na friji inayofanya kazi na daktari anayefanya kazi siku za Jumanne. Mwanaheri akaenda. Jioni akarudi, amebeba kikapu chake vilevile alivyokwenda nacho.

"Wameitazama kwenye kompyuta," akasema. "Wanasema mwaka jana nilifariki. Wanasema marehemu hapokelewi mapokezi, hupokelewa mlango wa nyuma, na awe na fomu ya polisi."

"Hukuwaambia uko hai?"

"Niliwaambia, Shangazi. Yule binti akanijibu vizuri tu. Akasema, 'Mama, mimi naona hapa.'"

Mwanaheri alicheka alipokuwa akisimulia, lakini Siwatu hakucheka safari hii. Siku ya pili alipanda basi mwenyewe, akaenda kuomba karatasi ile irekebishwe. Aliambiwa kwamba kufufuka ni jambo kubwa, lina kamati yake, na kamati hukutana mara moja kwa mwaka.

Akarudi Kilimamoto na tumaini lake lote akaliweka kwenye kikasha.

*

Hataza ilitoka mwezi wa tisa. Ilitiwa saini na Msajili Mkuu, Mheshimiwa Daktari Mhandisi Kombozi, ambaye udaktari wake ulikuwa wa heshima na uhandisi wake ulikuwa wa mapenzi. Ilikuwa hataza ya kwanza katika historia ya taifa kukubaliwa na ghorofa zote tatu, na magazeti yaliandika kwamba nchi sasa imevuka mstari, ingawa hayakusema ni mstari gani.

Pamoja na cheti kililetwa kikasha. Si kile cha zamani. Kile kilihifadhiwa kwenye kabati la vioo makao makuu. Hiki kilikuwa Toleo la Taifa, kimeboreshwa na wataalamu wa Mheshimiwa Kombozi: cha plastiki, rangi za bendera, pembe za mviringo, na kinachonukia manukato. Mlango wa kutolea dawa ulifunguka vizuri, ila chini, penye mitambo, kilifungwa kwa lakiri ya serikali yenye ngao ya taifa. Atakayeivunja lakiri, hataza yake inakufa na yeye anashitakiwa.

Siwatu akapanga chupa za sindano ndani. Taa ya kijani ikawaka. Akashusha pumzi iliyokuwa imemkaa kifuani tangu mwezi wa nne.

Fundi Mwinjaka alikuja kukitazama kila asubuhi, mikono nyuma kama mtu aliyeambiwa asiguse.

"Dada Siwatu, hiki kitu sikielewi," akasema siku ya sita. "Cha kwetu kilikuwa kinatusumbua. Leo nyekundu, kesho nyekundu, tunatupa dawa, tunaagiza. Hiki hakijaniudhi hata siku moja, na jua ni lilelile. Niruhusu nifungue."

"Ukifungua wanakichukua, Fundi. Mwanaheri ana wiki moja tu."

"Dakika tano."

"Akishazaa, utakifungua hata kwa shoka."

Mwinjaka akakubali, kwa sababu ni Siwatu aliyesema. Naona ni haki niseme hapa kwamba Siwatu hakuwa mjinga. Alikuwa amechoka, na alikuwa amepewa cheti chenye mihuri mitatu, na mtu aliyechoka akipewa cheti huwa anataka sana kukiamini.

*

Mwanaheri alifika saa nne asubuhi akitembea, mama yake akimbebea kikapu. Lilikuwa joto lile la Kilimamoto linalofanya hata kuku waache kubishana. Saa sita mtoto akatoka, wa kike, akalia kwa sauti kubwa, na bibi yake pale mlangoni akaanza kumshukuru Mungu.

Kisha damu ikaanza.

Siwatu alikuwa tayari. Akakitazama kikasha, kijani. Akatoa chupa. Aliihisi ni vuguvugu kiganjani, akaitazama taa tena, kijani, akaiamini taa kuliko mkono wake. Akadunga. Akaanza kulikanda tumbo akihesabu kimoyomoyo, maana dawa iliyo hai huonekana kazi yake mapema. Hakuona kitu. Akadunga ya pili.

"Taa inasemaje, Shangazi?" aliuliza Mwanaheri. Sauti yake ilikuwa imeanza kwenda mbali.

"Kijani."

"Basi sawa," akasema Mwanaheri, akafumba macho kupumzika.

Siwatu alifanya yote aliyofundishwa, na mengine aliyojifundisha mwenyewe. Alikanda, akabana, akajaza vitambaa, akainua miguu ya kitanda kwa matofali. Akadunga ya tatu, kijani ikiwaka. Ndipo alipopaza sauti kumwita Mwinjaka, aliyekuwa nje ukutani, na fundi akaingia na bisibisi bila kuuliza, akaipasua lakiri na ngao ya taifa vipande viwili.

Ndani mlikuwa na betri na taa mbili. Zote mbili za kijani. Waya ulitoka kwenye betri ukaenda moja kwa moja kwenye taa, haukupita popote. Kidude cha kuhisi joto hakikuwamo. Chungu hakikuwamo. Zile pakiti za maziwa zilikuwa zimeondolewa na mahali pake pamebandikwa picha za Mheshimiwa Kombozi akitabasamu, pande zote nne. Na palikuwa na karatasi ndogo iliyochapwa vizuri: "Maboresho. Taa nyekundu imeondolewa kwa kuwa inawatia wananchi hofu na kulipaka taifa matope mbele ya wageni."

Mwinjaka aliisoma kwa sauti mpaka mwisho, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine. Mwanaheri alifariki saa nane kasoro robo, mchana kweupe, mtoto wake akiwa amelala kwenye kanga kando yake.

*

Siwatu alimwosha yeye mwenyewe, pamoja na mama wa marehemu. Hakulia. Alikuwa na hasira ya aina ambayo haina pa kukaa, kwa sababu kila ilipotafuta pa kutua ilimkuta na yeye pia. Yeye ndiye aliyepeleka fomu. Yeye ndiye aliyemzuia Mwinjaka. Usiku na mchana aliisikia sauti yake mwenyewe ikisema ni karatasi tu.

Siku ya tatu alikwenda kwa msajili wa vifo wa wilaya, akiwa na daftari la wazazi.

"Huyu tunaye tayari," akasema msajili, akimgeuzia kioo cha kompyuta aone. "Alifariki mwaka jana. Siwezi kumwandika tena, mfumo unakataa."

"Amefariki Jumatatu. Nilikuwa nimemshika."

"Pole sana, mama. Lakini unaona mwenyewe."

"Na mtoto?"

Msajili akafikiri kwa bidii. "Mtoto wa mama aliyefariki mwaka mmoja kabla. Huyo naye hajazaliwa, kwa kweli. Labda mrudi baada ya uchaguzi."

Mwisho wa mwezi ripoti ikatoka. Tangu Kikasha cha Taifa kianze kutumika, Kilimamoto haikuwa imepata kifo hata kimoja cha mzazi. Sifuri. Mheshimiwa Kombozi alilisoma neno hilo redioni mara tatu, akilitamka polepole kama mtu anayetafuna nyama laini. Ikaamuliwa kwamba vikasha elfu sita vitengenezwe vipelekwe nchi nzima, na kwamba sherehe ya Siku ya Uvumbuzi mwaka ule ifanyike Kilimamoto kwenyewe, na mkunga avishwe nishani.

Siwatu alipopata barua ya nishani, kwanza alitaka kuichana. Kisha akaisoma tena mahali palipoandikwa elfu sita. Akajifunga kanga, akatoka kupita nyumba kwa nyumba, njia ileile aliyopita na fomu za rangi ya waridi. Fundi Mwinjaka naye alikuwa amekwisha kuunda kikasha kingine kwa siri, kibaya kwa sura kuliko cha kwanza, na kilikuwa chini ya kitanda cha kuzalishia, kimefunikwa gunia.

*

Uwanja wa shule ulifurika. Kulikuwa na hema, bendi ya polisi, na viti vya kukodi vyenye vitambaa vyeupe. Mheshimiwa Kombozi alihutubia kwa saa moja na nusu.

"Ndugu wananchi," alisema, "kuna mataifa yanayojisifu kwa vifaa ambavyo vimetumika. Sisi tuna kifaa ambacho hakijatumiwa na mtu, hakijamfaa mtu, wala hakijachafuliwa na faida ya aina yoyote. Huo ndio upya, ndugu zangu. Upya halisi. Dunia nzima itakuja kujifunza hapa Kilimamoto namna ya kutomfaa mtu kwa kiwango cha kimataifa."

Makofi yakapigwa kwa mpangilio. Siwatu akaitwa, akavishwa nishani, akapewa kipaza sauti na hotuba aliyoandikiwa, ukurasa mmoja, yenye neno shukrani mara kumi na nne. Akaikunja akaitia kwapani. Mkononi alikuwa na karatasi nyingine.

"Mimi nina majina tu," akasema. "Kauthari binti Makame."

Kauthari akasimama katikati ya umati, mtoto wake mgongoni.

"Tatu binti Mzuzuri."

Akasimama.

Mheshimiwa Kombozi akamwinamia Bwana Lutengano, aliyekaa nyuma yake na faili. "Hao ni kina nani?"

"Marehemu, mheshimiwa."

"Mbona wanasimama?"

Bwana Lutengano akalifungua faili. Jina la tatu likasomwa, la nne, la tano. Walisimama na watoto wao, wengine wa kubebwa, wengine wa kushikwa mkono, mmoja amevaa sare ya chekechea. Kila aliyesimama, upya ulitoka mbele ya watu elfu tatu na waandishi wa habari, na hakukuwa na fomu ya rangi yoyote ya kuurudisha. Alipofika jina la saba, mzee Lutengano alilifunga faili taratibu, akavua miwani. Mume wa Kauthari alikuwa akitazama chini. Watu walikuwa wameacha kupepea.

Jina la kumi lilisomwa, na wa kumi akasimama.

"Mwanaheri binti Shomvi," akasema Siwatu.

Hakuna aliyesimama. Upande wa kushoto, bibi mmoja aliyekuwa amempakata mtoto mchanga alijifunika uso kwa ushungi. Siwatu aliendelea kutazama mbele, kuelekea umati.

Mshereheshaji, kijana mwenye suti aliyezoea shughuli, alijua la kufanya jina lisipoitikiwa. Akasogeza kinywa kwenye kipaza sauti chake.

"Hayupo, Mama Mkunga. Tuendelee."

"Namsubiri," akasema Siwatu.

Akabaki amesimama palepale, karatasi mkononi, nishani kifuani, na bendi ya polisi ikamtazama Mheshimiwa Kombozi ili ijue kama ipige au isipige.